Bilauri na Sahani: Kuyasoma Maonjo ya Ramu Kisiwani Barbados

Utangulizi

Fasihi ya visiwa vya Karibi si ngeni katika idara zetu. Mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa hoja ya kuivunja Idara ya Kiingereza huko Nairobi na kuiweka Afrika katikati ya masomo ya fasihi, maandishi ya Karibi yalikuwa miongoni mwa yale waliyotaka yasogezwe karibu. Miaka mitatu baadaye, mshairi wa Barbados, Edward Brathwaite, alipozuru Kenya, nyanyake Ngũgĩ alimpa jina la Kamau huko Limuru, na jina hilo akalibeba hadi alipofariki mwaka wa 2020. Tumemsoma Brathwaite, tumemsoma Lamming, tumemsoma Walcott.

Hata hivyo, uko usimulizi mmoja wa visiwa hivyo ambao wahakiki wameupa kisogo, yamkini kwa sababu haukuandikwa, na yamkini zaidi kwa sababu wasikilizaji wake ni watalii. Tunarejelea maonjo ya ramu: kikao cha saa moja au mbili ambapo kiongozi huwamiminia wageni ramu za umri mbalimbali, funda moja moja, huku kila funda likiambatanishwa na tonge la chakula na vyote viwili vikiambatanishwa na hadithi. Vikao vya namna hii hufanyika Barbados, Jamaika, Martinique na kwingineko, na kwa wageni wengi waendao huko likizoni ndipo mahali pa pekee wanaposimuliwa historia ya visiwa kwa mdomo wa mtu wa visiwa. Jambo hilo pekee linatosha kuyafanya maonjo yastahili kuhakikiwa.

Dai letu ni hili. Katika maonjo ya ramu mna matini mbili. Ya kwanza ni ya bilauri, nayo husimuliwa. Ya pili ni ya sahani, nayo huliwa tu, aghalabu bila maelezo, kwa kuwa chakula kimewekwa pale kama mtumishi wa kinywaji. Tunashikilia kwamba historia iliyofukuzwa katika matini ya kwanza imejihifadhi katika ya pili, na kwamba mhakiki asiyeisoma sahani atatoka kikaoni akiwa amesikia nusu tu ya yaliyosemwa.

Kileo kilichozaliwa jaani

Waingereza walihamia Barbados mwaka wa 1627. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita mraba 430 hivi. Miaka ya mwanzo walilima tumbaku na pamba kwa faida haba. Katika miaka ya 1640 baadhi yao, James Drax akiwa miongoni mwa waliotangulia, waligeukia miwa kwa kutumia maarifa yaliyotoka Pernambuco huko Brazili, ambako wakati huo Waholanzi ndio waliotawala. Kufumba na kufumbua, misitu ikafyekwa. Vibarua wa mkataba waliotoka Uingereza na Ireland wakaanza kuachiliwa mbali, na mahali pao wakawekwa Waafrika walionunuliwa. Kufikia mwaka wa 1661 baraza la kisiwa lilikuwa limepitisha sheria ya watumwa, ambayo baadaye ilikuja kuigwa katika makoloni mengine ya Waingereza.

Sukari ndiyo iliyotafutwa. Ramu haikutafutwa na mtu. Maji ya miwa yalichemshwa katika msururu wa masufuria ya shaba, kisha yakamiminwa katika vyungu vyenye tundu chini. Sukari iliganda juu. Yaliyosalia, mazito na meusi, yakadondoka. Hiyo ndiyo molasi. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu hapa, maana molasi ndiyo wafugaji wetu huwachanganyia ng'ombe katika majani makavu, na ndiyo ambayo wapika chang'aa wengi huvundika. Huko Barbados ilivundikwa pamoja na maji, povu lililoenguliwa juu ya masufuria na machicha ya upishi uliotangulia. Baada ya siku kadha mchanganyiko ulitiwa mtamboni, ukapashwa moto, mvuke wake ukapozwa na kudondoka ukiwa kileo kikali. Ramu ilizaliwa jaani, kwa takataka za sukari, na waliokesha kuiangalia ikidondoka walikuwa watumwa.

Shahidi wetu wa mapema ni Richard Ligon, Mwingereza aliyeishi Barbados kuanzia mwaka wa 1647 hadi 1650 na kuchapisha historia yake ya kisiwa mwaka wa 1657. Anakitaja kinywaji hicho kwa jina lililotumiwa na walowezi, ambalo maana yake ni muua shetani. Anasimulia pia jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo simulizi la kwanza lenye uzito katika fasihi yote ya ramu. Mtumwa mmoja alitumwa usiku kupeleka mtungi wa kileo kutoka kwenye nyumba ya mtambo hadi kwenye chumba cha kuhifadhia. Mshumaa ulikaribia mno. Mvuke ukashika moto, na mtu yule akaungua akafa. Ligon anamsikitikia, lakini msomaji na aangalie anavyomsikitikia: anamsifu kuwa alikuwa mtumishi hodari. Jina lake halitaji. Mtu anaingia katika historia ya ramu kwa njia ya kifo, na anaingia kama hasara.

Kutoka hapo biashara ilitanuka haraka. Ramu na molasi zilipelekwa New England. Ramu ya New England, hususan ya Rhode Island, ikapelekwa pwani ya Afrika Magharibi kununulia watu. Watu hao wakaletwa visiwani kukata miwa. Sheria za bunge la Uingereza za mwaka wa 1733 na 1764 kuhusu molasi na sukari zilikuwa sehemu ya manung'uniko yaliyotangulia uasi wa makoloni ya Marekani. Jeshi la wanamaji la Uingereza, kwa upande wake, liliwagawia mabaharia ramu kila siku hadi tarehe 31 Julai 1970. Mambo haya yanajulikana, na viongozi wa maonjo huyasimulia kwa bashasha. Hatuna haja ya kuyarefusha.

Inafaa tu tuitaje hati moja. Kampuni ya Mount Gay huihesabu tarehe 20 Februari 1703 kuwa mwanzo wake, kwa kuwa hati ya siku hiyo inataja vifaa vya kukenekea ramu katika shamba lake. Ndiyo maana jina hilo hutajwa kama ramu kongwe kupita zote. Wahakiki wa fasihi wataona mara moja utanzu wa hati hiyo. Si wasifu wala si kumbukumbu. Ni orodha ya mali.

Masimulizi ya bilauri

Mwandishi wa makala haya alibahatika kuhudhuria maonjo ya ramu akiwa likizoni Barbados. Kiwanda hatutakitaja, kwa sababu masimulizi tuliyoyasikia yangeweza kusikika katika viwanda vingi vya visiwani humo, na kukitaja kimoja kungekuwa kukionea. Tulikuwa wageni kumi na wawili, tumeketi barazani kwenye meza ndefu. Mbele ya kila mmoja palitandikwa karatasi yenye duara tano, na katika kila duara bilauri ndogo yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Kando yake paliwekwa maji na sahani moja yenye matonge matano. Kiongozi wetu, mwanamke wa makamo mwenye sauti tulivu, alitufundisha adabu ya kuonja: kuinua bilauri dhidi ya mwanga na kutazama rangi, kuizungusha taratibu na kuangalia jinsi kileo kinavyoteremka ukutani mwake, kuileta puani, kinywa kikiwa wazi kidogo ili ukali usizibe harufu, kisha kupiga funda dogo, kulizungusha ulimini, na kusubiri. Ndipo tonge lifuate, na baada ya tonge funda la pili, ambalo kwa kweli huwa na ladha tofauti na la kwanza. Chumvi na mafuta hupunguza makali ya kileo, na kileo nacho hukata mafuta. Hakuna uganga hapo, ila ni jambo la kupendeza mtu kuligundua kwa ulimi wake mwenyewe.

Mpangilio wa bilauri ulikuwa mpangilio wa hadithi. Tulianza na ramu nyeupe isiyo na umri, tukapanda hadi ramu iliyokaa miaka mingi katika mapipa ya mwaloni yaliyokwisha kutumiwa kuhifadhia wiski ya Marekani. Kila bilauri ilitambulishwa kwa miaka yake. Wakati, katika masimulizi haya, ndiye mhusika mkuu: wakati hulainisha, wakati hutia rangi, wakati hukomaza. Hata upotevu una mhusika wake. Katika joto la Karibi ramu inayovukia kutoka pipani huweza kupita asilimia 6 kwa mwaka, ilhali katika baridi ya Uskoti wiski hupoteza takriban 2. Sehemu hiyo huitwa fungu la malaika. Ni tamathali nzuri, na wageni huipenda. Lakini tukae nayo kidogo. Kileo kilichopotea hewani kimetafutiwa mnywaji, na mnywaji huyo akapewa cheo mbinguni. Aliyeungua kwa kile ambacho hakikupotea hana hata jina.

Jambo lililotushughulisha zaidi lilikuwa sarufi. Kiongozi alisema, kwa Kiingereza sanifu cha matangazo, kwamba miwa ililetwa, misitu ilifyekwa, sukari ilipikwa, ramu ikagunduliwa, na watu wakafika kutoka Afrika. Mtendaji hakuwako katika sentensi hata moja. Lau masimulizi yale yangefasiriwa kwa Kiswahili, mfasiri angepata taabu yenye mafunzo. Kauli yetu ya kutendwa huuacha mlango wazi: ukisema "miwa ilikatwa," msikilizaji anakaa tayari kusikia "na nani." Ili kuufunga mlango huo mfasiri angelazimika kukimbilia kauli ya kutendeka: miwa ikakatika, sukari ikapikika, ramu ikapatikana. Hapo ndipo uwongo ungedhihirika hata kwa mtoto, kwa sababu hakuna shamba la miwa lililowahi kukatika lenyewe.

Msamiati wa ladha nao una siri zake. Bilauri ya nne, tuliambiwa, ilikuwa na vanila, karafuu na ndizi mbivu. Hakuna hata kimoja kilichotiwa humo. Ni harufu zinazotokana na mwaloni na uvundikaji, na majina hayo ni mafumbo ya kuzielezea. Lakini mafumbo hayaokotwi barabarani. Vanila ilienea ulimwenguni baada ya Edmond Albius, mvulana mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, kugundua mwaka wa 1841 namna ya kuchavusha ua lake kwa mkono. Karafuu msomaji wetu anaijua: mashamba ya Unguja na Pemba katika karne ya kumi na tisa yalilimwa na watumwa waliotolewa bara, na utumwa huko haukupigwa marufuku kisheria hadi mwaka wa 1897. Mwonjaji anapotafuta maneno ya kuisifu ramu ya watumwa wa Bahari ya Atlantiki anaishia kuazima mazao ya watumwa wa Bahari ya Hindi. Hatudhani kwamba aliyeandika maelezo yale alilikusudia hilo. Lugha ya ladha ilikwisha kujengwa kabla yake.

Masimulizi ya sahani

Tonge la kwanza lilikuwa bajia ya samaki wa chumvi, la kuliwa na ramu nyeupe iliyokamuliwa ndimu. Kiongozi alisema vitu hivi viwili vinapatana sana. Alisema kweli kuliko alivyodhamiria.

Barbados imezungukwa na bahari yenye samaki wazuri, na msomaji wa Lamu au Vanga ana haki ya kuuliza kwa nini watu wa kisiwa wale ng'onda kutoka ugenini. Samaki huyo ni kod, na hapatikani katika maji ya joto. Alivuliwa Newfoundland na New England, akatiwa chumvi, akakaushwa, akapangwa kwa madaraja. Daraja la juu lilipelekwa Hispania na Ureno. Daraja la chini kabisa, samaki waliovunjika, waliozidi chumvi au walioanza kuharibika, lilipelekwa visiwani kuwa posho ya watumwa. Kwa mabwana wenye mashamba hesabu ilikuwa rahisi: kila mkono uliovua samaki au kulima chakula ulikuwa mkono ulioondolewa kwenye miwa. Meli zilizoleta samaki wale hazikurudi tupu. Zilirudi na molasi na ramu. Basi bajia ile na bilauri ile havikukutanishwa na mpishi mwenye kipaji. Vilikutana katika tumbo la meli moja, pipa kwa pipa, zaidi ya karne tatu zilizopita, na ndoa yao ilifungwa na mwenye shehena. Kile ambacho masimulizi ya bilauri yalikiita biashara ya baharini kilikuwa kimelala pale sahanini, cha moto, kimenyunyiziwa pilipili.

Tonge la pili lilikuwa shelisheli la kukaanga. Tunda hili lina hadithi iliyosimuliwa sana, ya William Bligh aliyetumwa Tahiti kulichukua ili liwe chakula cha bei nafuu cha watumwa wa Karibi, akaasiwa na mabaharia wake mwaka wa 1789, akarudi tena, na hatimaye mwaka wa 1793 akaifikisha miche St Vincent na Jamaika. Tunachotaka kuongeza ni kuhusu jina tu. Kiswahili kimelipa tunda hili jina lenye mwangwi wa visiwa vya Shelisheli. Kiingereza kimeliita tunda la mkate. Jina letu linakumbusha njia za bahari. Lao linakumbusha posho.

Tonge la tatu lilikuwa kijipande cha kuu-kuu (tunaandika jinsi linavyotamkwa), yaani sima laini ya unga wa mahindi iliyosongwa pamoja na bamia, juu yake samaki arukaye. Hiki ndicho chakula kinachohesabiwa kuwa cha taifa la Barbados. Mahindi asili yake ni Amerika, na bamia ilivuka Atlantiki kutoka Afrika pamoja na watu walioijua. Namna ya kusonga, kwa mwiko bapa juu ya moto, kila Mkenya angeitambua. Hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo lilitufanya tuandike makala haya. Kiongozi wetu aliiacha hati yake. Alianza kueleza jinsi nyanya yake alivyosonga chakula hiki kila Ijumaa, na alivyomkaripia mtu yeyote aliyeacha madonge. Na alipoeleza hayo Kiingereza chake kilibadilika. Alihamia katika lugha ya watu wa kisiwa, lugha ile ambayo Brathwaite, katika mhadhara uliochapishwa mwaka wa 1984, aliitetea kuwa lugha ya taifa na si Kiingereza kibovu. Fauka ya hayo, vitenzi vyake vilipata watendaji. Nyanya alisonga. Nyanya alikataa. Nyanya alitupiga mwiko. Kwa muda wa dakika tatu hivi historia ya Barbados ilikuwa na watu ndani yake. Kisha akaitazama saa yake, akarudi kwenye bilauri ya nne na katika kauli ya kutendwa.

Tutakuwa tumekosea iwapo tutamlaumu. Hati ile hakuiandika yeye, na mshahara wake unategemea wageni watoke wakiwa na furaha na chupa mikononi. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba njia ya kutokea ilikuwa chakula. Kinywaji kilikuwa na mwenyewe, na maneno yake yalikwisha kupangwa. Sima ya bamia haikuwa na mwenyewe kiwandani, kwa hivyo ilisemwa kwa uhuru.

Tonge la nne, nguruwe wa kulowekwa katika ndimu na matango, tunaliruka. La tano lilikuwa keki nyeusi ya Krismasi, yenye matunda yaliyolowekwa katika ramu kwa majuma au miezi. Hapo sahani ilikuwa imeimeza bilauri, na huenda ndiyo sababu lilikuwa tamu kuliko yote.

Mifupa ya Newton

Kuna mahali pengine kisiwani ambapo ramu imehifadhiwa, nako hakuna bilauri. Katika shamba la zamani la Newton, wilaya ya Christ Church, yapo makaburi ya watumwa yaliyoanza kuchimbuliwa na Jerome Handler na Frederick Lange mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mabaki ya watu wapatao mia moja yalichunguzwa. Katika makala iliyochapishwa mwaka wa 1986, Handler na wenzake walieleza kwamba mifupa mingi ilikuwa na madini ya risasi kwa kiwango kikubwa mno, na wakahusisha jambo hilo hasa na ramu iliyokenekwa katika mitambo yenye sehemu za risasi.

Matokeo hayo yanaifasiri upya maradhi iliyojulikana sana Karibi katika karne ya kumi na saba na ya kumi na nane: msokoto mkali wa tumbo usio na kuhara, ambao huweza kuishia katika kupooza mikono na miguu. Daktari Thomas Cadwalader aliandika juu yake katika kitabu kilichopigwa chapa na Benjamin Franklin huko Philadelphia mwaka wa 1745, akiihusisha na unywaji wa ramu, ingawa risasi yenyewe hakuitambua kuwa kiini. Watumwa walipewa ramu kama posho, kama tuzo ya kazi nzito, kama dawa ya mvua na baridi. Walikunywa ile ya hivi hivi, iliyotoka mtamboni, si ile iliyokaa pipani. Ama wakati, mhusika mkuu wa masimulizi ya bilauri, kwao haukulainisha kitu. Ulilimbika sumu mfupani.

Miongoni mwa waliozikwa Newton yupo mzee mmoja ambaye Handler anadhani alikuwa mganga. Alizikwa mwishoni mwa karne ya kumi na saba au mwanzoni mwa iliyofuata, akiwa na bangili za shaba, kiko cha udongo cha mtindo wa Afrika Magharibi, na mkufu uliotungwa kwa ushanga wa kioo, meno ya mbwa, pingili za samaki, kauri, na ushanga mmoja mkubwa wa akiki. Kauri za fedha ni za Bahari ya Hindi na bahari zilizo mashariki yake. Akiki ya namna ile ilichongwa Bara Hindi. Ni vitu ambavyo mtu wa Kilwa au Mombasa wa zama hizo angevitambua kwa jina bila kuulizia. Vilifikaje shingoni mwa mzee wa Barbados ni hadithi ndefu ya masoko na majahazi na meli za watumwa, lakini aliyemvika alijua anachokifanya. Alikuwa akiandika wasifu, kwa vitu alivyokuwa navyo, wa mtu ambaye vitabu vya shamba vilimwandika kama tarakimu.

Pasipo kiongozi

Wapo watakaopinga kwamba mtalii aliyelipa nauli kutafuta jua hastahili kulishwa mifupa. Pingamizi hili si la kudharau, na hatupendekezi kikao cha maonjo kigeuzwe matanga. Watu wa Barbados wenyewe hawakuiachia ramu iwe mali ya huzuni. Utumwa ulikoma kisheria tarehe 1 Agosti 1834, wakati zaidi ya watu 80,000 walikuwa watumwa kisiwani humo, na ukakoma kwa vitendo tarehe 1 Agosti 1838 muda wa uanagenzi ulipofutwa. Wenye watumwa katika himaya nzima ya Uingereza walitengewa fidia ya pauni milioni 20. Waliokuwa watumwa hawakupewa kitu. Hawakuwa na ardhi, kwa kuwa kisiwa chote kilikwisha kuwa miwa. Walichokuwa nacho ni pamoja na ujuzi wa kupika ramu na desturi za kuinywa, na katika karne iliyofuata vijijini mlienea maduka madogo ya mbao ambamo ramu iliuzwa pamoja na unga na mafuta ya taa.

Ulinganisho na kwetu unajileta. Chang'aa na ramu ni ndugu wa damu: molasi hiyo hiyo, mvundiko huo huo, mvuke huo huo. Chang'aa ilipigwa marufuku Kenya kwa sheria ya mwaka wa 1980, ikaruhusiwa kwa masharti mwaka wa 2010, na hadi leo wapishi wengi, wake kwa waume, huipika wakiwa wametega sikio la askari. Haina pipa la mwaloni, ni kweli. Lakini upungufu wake mkubwa zaidi ni kwamba haina msimulizi. Hakuna aliyemketisha mgeni barazani akamweleza kwa sauti tulivu juu ya nyanya aliyekesha na mtungi, na ni tonge gani linaloifaa: matumbo ya kuchoma, au omena iliyokaangwa ikakauka. Utafiti wa namna hiyo ungekuwa na manufaa, na tungependa kuuona ukifanywa na wanafunzi wetu wa fasihi simulizi badala ya kuachiwa mahakama.

Maduka ya ramu bado yapo Barbados, taifa ambalo tangu tarehe 30 Novemba 2021 ni jamhuri. Liko moja si mbali na kiwanda tulichokizuru. Wazee walikuwa wakipiga domino kwa kishindo na kubishana juu ya kriketi. Ramu hapo huuzwa kwa chupa ndogo inayowekwa katikati ya meza pamoja na maji, na mwenye njaa huagiza mkate wa chumvi uliopasuliwa na kutiwa bajia mbili za samaki, chakula ambacho jina lake ni mkate na viwili. Ni bilauri ya kwanza na tonge la kwanza la kile kikao cha barazani, bila ya karatasi yenye duara. Mama muuzaji hakutueleza lolote juu ya kupatana kwake. Aliuliza kama tunataka pilipili, akatia kabla hatujajibu.